Niuze cherehani nitajirike?

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 26 na mtoto mmoja. Nimezaliwa katika ufukara na sitaki mwanangu aurithi. Nashona hadi usiku wa manane, lakini sioni mbele. Nilisoma habari za Andrew Carnegie, aliyeanza na kibarua cha kiwandani akaja kuwa tajiri mkubwa, nikasema hata mimi naweza. Sasa rafiki yangu amenialika kwenye kikundi: unatoa kiingilio, unaleta watu sita, kila mmoja naye analeta sita, na baada ya mwezi fedha zako zinarudi maradufu. Kiingilio sina, nimefikiria kuuza cherehani. Je, ndoto yangu ni ya kipumbavu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ndoto yako haina upumbavu wowote, wala asikucheke mtu. Cherehani usiuze.

Chukua kalamu tupige hesabu. Wewe unaleta 6, hao wanaleta 36, hao nao 216. Ukifika mzunguko wa 13 watahitajika watu zaidi ya bilioni 13, na dunia nzima ina bilioni 8 na ushei. Kikundi chenyewe hakishoni, hakilimi, hakiuzi kitu. Anayelipwa leo analipwa kwa fedha za aliyeingia jana, na walioingia mwisho ndio wengi siku zote. Mwaka 1920, mjini Boston, Marekani, tapeli Charles Ponzi aliahidi faida ya asilimia 50 kwa siku 45. Wa mwanzo walilipwa kweli, ndiyo maana wengine wakamiminika. Agosti mwaka huohuo akakamatwa. Hata rafiki yako akikuonyesha fedha alizolipwa, usihesabu hiyo kuwa dhamana.

Nije kwa huyo Carnegie. Ni kweli, familia yake ilihamia Marekani kutoka Uskoti mwaka 1848, naye akaanza kazi katika kiwanda cha pamba kwa dola 1.20 kwa wiki. Mwaka 1901 kampuni yake ya chuma iliuzwa dola milioni 480. Ila wasimulizi huruka katikati. Alikuwa tarishi wa telegrafu, yaani ujumbe uliotumwa kwa nyaya, akajifunza kuendesha mitambo ya kuutuma, kisha Thomas Scott wa shirika la reli akamwajiri na baadaye akamwelekeza hisa za kununua. Juhudi zilikuwa zake, lakini mlango alifunguliwa. Na wale walioanza naye kwa ujira uleule wakabaki palepale, nani anawasimulia?

Mwaka 2018 OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo, lilikadiria kwamba katika nchi wanachama wake, ambazo nyingi ni tajiri, familia ya kipato cha chini huhitaji vizazi vinne hadi vitano kufikia kipato cha wastani. Wastani tu, mwanangu! Nakwambia haya usije ukajiona mvivu, wewe unayekesha na kazi.

Kwa hiyo lengo lako la kwanza liwe hili: mtoto akiugua au cherehani ikiharibika, usilazimike kukopa. Kila wiki weka kando kiasi, hata kidogo, mahali ambapo si rahisi kukichomoa. Mteja atoe nusu ya malipo kabla hujagusa mkasi. Bei yako ihesabu uzi, vifungo, na saa zako pia, maana mafundi wengi saa zao huzitoa bure. Andika kila kitu kwenye daftari. Akiba hiyo ikitosha, ongeza mashine ya pili. Na mtafute Scott wako: fundi aliyekutangulia, anayepata oda kubwa za sare, umwombe kazi anazozidiwa nazo.

Huyo rafiki usigombane naye. Mkalishe, mpige hesabu ile ya sita sita pamoja. Kama ameshatoa fedha zake, aache leo kuwaita watu wengine, na azidai mapema kwa maandishi, kabla wenye kikundi hawajazima simu.