Sherehe ya Kiangazi Katika Kijiji cha Uingereza: Nenda Mapema, Nenda na Sarafu

Mswahili anayeishi London au Birmingham anaweza kukaa miaka mingi bila kujua kwamba, kati ya Juni na Agosti, vijiji vingi vya Uingereza huwa na Jumamosi moja ambayo uwanja wa kijiji hupambwa kwa vibendera vya pembetatu, meza zikapangwa, na mtu yeyote akakaribishwa bila mwaliko. Mimi huzipenda sana sherehe hizi, na kila ninapoulizwa na ndugu waliofika karibuni namna ya kuwafahamu Waingereza, huwaambia waanzie hapo.

Kwanza ieleweke kwamba hilo si soko. Wanaouza ni wanakijiji waliojitolea, na mapato huenda kwenye matengenezo ya paa la kanisa, ukumbi wa kijiji au mahitaji ya shule ya msingi, kwa hiyo kupunguziwa bei si jambo la kutafuta. Beba sarafu za kutosha, hasa za pauni moja na za peni 50, kwa sababu michezo mingi hulipiwa kidogo kidogo, na noti ya pauni 20 itamhangaisha mama wa meza ya keki ambaye kopo lake la chenji bado ni jepesi.

Kama sherehe inafunguliwa saa nane mchana, fika saa nane. Keki za kuokwa nyumbani ndizo huisha kwanza, na wenyeji wanalijua hilo, ndiyo maana utawaona wakiipita michezo yote na kuielekea meza ile moja kwa moja. Chagua ile ya sponji iliyopakwa jemu katikati na kunyunyiziwa sukari juu, kisha uketi na chai. Muislamu aulize kabla ya kula: soseji za kuchoma kwa kawaida ni za nguruwe, keki nyeusi ya matunda makavu mara nyingi hutiwa pombe, na zawadi za tombola, yaani bahati nasibu ya tiketi, huwa na chupa za mvinyo katikati ya sabuni na makopo ya maharage. Utaratibu wa tombola yenyewe ni rahisi: unachomoa tiketi zilizokunjwa, na kwa kawaida inayoshinda ni ile ambayo namba yake inaishia na 0 au 5.

Mchezo utakaomchekesha mtu wa Pwani ni ule wa nazi. Nazi husimamishwa juu ya vigingi, nawe unapewa mipira michache ya mbao uzilenge nayo kutoka nyuma ya kamba. Kuigonga nazi tu hakutoshi, sharti ianguke ndipo uichukue. Mimi niliyekulia katika nyumba ambayo mbuzi ya kukunia nazi haikupumzika, bado hushangaa kuona mtu mzima akirukaruka kwa furaha kwa kuipata moja. Ukishinda, itikise sikioni kabla ya kuondoka, kwani nyingine zimepigwa mchana kutwa hadi zikapasuka na maji yakatoka. Omba ubadilishiwe, hawakatai.

Mengine hutofautiana kijiji hadi kijiji. Kuna kuvutana kamba, kurusha gambuti, wachezaji wa Morris, ngoma ya jadi ya Kiingereza, wenye njuga miguuni na leso mikononi, na mashindano ya mbwa, ambamo hutolewa hata zawadi ya mbwa anayefanana zaidi na mmiliki wake. Usiyadharau mashindano hayo, kwa kuwa Mwingereza ambaye hajawahi kukusalimu atazungumza nawe nusu saa ukimuuliza jina la mbwa wake.

Kuhusu usafiri, angalia saa ya basi la mwisho, maana mabasi ya vijijini ni machache na mengine hayafanyi kazi Jumapili. Mwenye gari huelekezwa kuegesha kwenye konde la nyasi, ambalo mvua ikinyesha hugeuka tope, basi vaa viatu usivyovihurumia na uchukue koti la mvua hata kama asubuhi jua limewaka.

Ukiwa mkazi wa karibu, mtafute mtu wa kamati kabla hawajaanza kukunja meza, umwambie kwamba mwaka ujao ungependa kuleta sambusa au mahamri. Mara nyingi watakubali papo hapo. Watakachokutaka ni kuandika viambato vyote kwenye karatasi mbele ya sahani, hasa karanga, ufuta, maziwa, mayai na ngano, kwa ajili ya wanaodhurika navyo.