Amesahau jina langu, hajasahau kusuka ukili

SWALI

Shikamoo mama. Mama yangu ana miaka 76, tunaishi Pangani. Kusahau kulianza kidogo kidogo, sasa jina langu linampotea na swali moja anauliza mara kumi. Hospitali walimpima, wakasema ni demensia na kwamba hakuna dawa ya kuiponya. Tukaambiwa tuzungumze naye, tumwimbie, tumtembeze, na asikae mikono mitupu. Kaka yangu aliyeko Dar es Salaam anasema hayo ni maneno ya kututuliza tu, nyimbo haziwezi kutibu ubongo. Anataka tuchange hela tununue dawa ya chupa aliyoelekezwa na mtu. Mimi naona mama akisuka ukili wa mkeka anatulia, na kasida za maulidi anaziitikia mpaka mwisho. Ila ikikaribia magharibi anamuulizia baba, ambaye tulishamzika. Nikimwambia amefariki, analia kama msiba ni wa leo. Je, haya tunayofanya yanafika kwenye ubongo, au tunampitishia muda?

Binti, Pangani

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza.

Kaka yako ameuliza swali la haki, basi nianze naye. Seli za ubongo zilizokwisha kufa hazirudi. Hazirudi kwa kasida, hazirudi kwa ukili, na hazitarudi kwa hiyo chupa. Mkiwa na hela ya kuchanga, mpelekeni mama apimwe macho na masikio, maana mzee asiyesikia vizuri huonekana amepotea kuliko alivyopotea kweli.

Lakini ugonjwa huu hauli ubongo wote kwa mara moja. Katika Alzheimer, ambayo ndiyo aina inayowapata wengi, uharibifu kwa kawaida huanza karibu na hipokampasi, sehemu mbili ndogo zilizo ndani ya ubongo, moja kila upande, usawa wa masikio. Kazi yake ni kuweka mambo mapya: nani alikuja asubuhi, tumekula nini, nimekwisha kuuliza au bado. Ndiyo maana mama anarudia swali. Hakusudii kukuchosha, jibu lako halikupata pa kukaa. Kazi ambayo mikono imeizoea miaka na miaka inashikwa na sehemu nyingine, zilizo chini zaidi katikati ya ubongo na kwenye ubongo mdogo wa kisogoni, na huko ugonjwa huchelewa kufika. Mimi nimewahudumia wazee wa Kilimanjaro kama mtoa tiba kwa vitendo, anayewasaidia wagonjwa kuendelea na kazi zao za kila siku, hadi kustaafu. Nimemwona mzee aliyesahau majina ya wanawe akipogolea mibuni bila kukosea tawi. Mama yako na miyaa yake ni hivyo hivyo.

Kuhusu nyimbo, mwaka 2015 watafiti wa Leipzig, Ujerumani, walitumia picha za ubongo kutafuta mahali zinapokaa nyimbo ambazo mtu amezizoea kwa muda mrefu. Kisha wakaangalia mahali hapo hapo kwa wagonjwa wa Alzheimer. Wakakuta hapajasinyaa sana ukilinganisha na sehemu nyingine, na bado panatumia sukari, ambayo ndiyo chakula cha ubongo, karibu kama kawaida. Kwa hiyo mama anapoitikia kasida, inayofanya kazi ni sehemu ya ubongo wake iliyo hai. Tafuteni zile alizozisikia akiwa msichana.

Tiba isiyo ya dawa ambayo mimi naiamini kuliko zote ni mazungumzo ya kikundi yanayochangamsha akili. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2003 ulikuwa na watu 201. Waliopewa tiba hiyo walikaa vikao 14 vya dakika 45, mara mbili kwa wiki, wakizungumza juu ya vyakula, utoto, sauti na picha. Akili yao ilipimwa ikawa bora kuliko ya wenzao ambao hawakukaa vikao, na maisha wakayaona yana nafuu. Tiba hiyo ililetwa hadi wilaya ya Hai, Kilimanjaro, ikabadilishwa iwafae hata wazee wasiojua kusoma na kuandika. Matokeo yalitoka mwaka 2017: akili iliboreka, wasiwasi ukapungua, tabia zikatulia. Walikuwa wagonjwa 34 tu, kwa hiyo siwezi kukuapia, lakini ni wazee wetu, kwenye vijiji vyetu, na nayathamini sana matokeo hayo.

Siri ya vikao vile unaweza kuitumia barazani kwako. Usimuulize mama jambo lenye jibu moja sahihi. "Mimi nani?" ni mtihani, na kila siku atafeli mbele ya mwanawe. Muulize anavyoona yeye: "Mama, ukili huu unafaa jamvi au msala? Rangi ipi ikae pembeni?" Kwenye maoni hakuna kukosea, na ili ajibu, ubongo unalazimika kutazama, kulinganisha, kutafuta neno na kulisema. Waalike wasukaji wenzake wawili watatu, siku zile zile, saa ile ile. Waombe majirani wasimcheke akikosea neno, wala wasimnyang'anye kazi eti akapumzike.

Kutembea nako mtembezeni, lakini mjue kwa nini. Mwaka 2018 Waingereza walitoa matokeo ya mazoezi makali kwa watu 494 wenye demensia. Miili iliimarika, kasi ya kusahau haikupungua. Basi mama atembee apate usingizi, hamu ya kula na miguu yenye nguvu. Habari njema zaidi ni za kwenu ninyi: huko Marekani wazee 120 wasio na demensia walifuatiliwa mwaka mzima, na matokeo ya mwaka 2011 yakaonyesha kuwa waliotembea kwa bidii hipokampasi yao iliongezeka kama asilimia 2. Mtembeze mama nawe ukitembea.

Sasa hili la magharibi, ambalo ndilo limenigusa. Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, mwaka 2014 kiliwaonyesha wagonjwa wa Alzheimer filamu za kuhuzunisha na za kufurahisha. Baada ya muda mfupi walikuwa wamesahau karibu yote waliyoyaona, lakini huzuni ikawabaki, na furaha vivyo hivyo. Kwa hiyo ukimwambia mama kila jioni kwamba mumewe amefariki, habari inapotea na msiba unabaki kifuani bila yeye kujua umetoka wapi. Acha kumfiwisha upya. Akimuulizia, kaa naye karibu: "Umemkumbuka baba leo. Alipenda umpikie nini akitoka kazini?" Mwache asimulie, hata akichanganya. Hapo hujasema uongo.

Washeni taa kabla giza halijaingia, maana vivuli vinawatisha, na asubuhi akae nje penye mwanga, kwa kuwa ugonjwa huu unavuruga hata saa ya mwili. Chai ya rangi na kahawa ziishie mchana.

Akibadilika ghafla, kwa siku moja au mbili, akaweweseka au akalala mno, usiseme ni demensia imezidi. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Malaria, maambukizi ya mkojo, homa ya mapafu au kukosa maji mwilini hufanya hivyo kwa wazee, na hayo yana dawa.

Na kaka yako mwambie hivi kutoka kwangu: hela ya chupa aifanye nauli. Aje mwisho wa wiki moja kila mwezi akae na mama, wewe ulale. Siku nyingine apige simu kabla ya magharibi, amsomee kasida moja, ampokee mama anapoitikia.