Maswali yenu kuhusu MTK, klabu ya Budapest iliyonyang'anywa jina

Wiki iliyopita niliandika juu ya Hungary kuifunga England 6-3 pale Wembley mwaka 1953. Katikati ya makala nikagusia kwamba Nándor Hidegkuti, aliyefunga mabao matatu siku ile, alikuwa mchezaji wa MTK na si wa Honvéd, klabu ya nahodha wao Ferenc Puskás. Sentensi hiyo moja imeleta maswali mengi kuliko makala yote. Nimefurahi sana, kwa sababu MTK ni klabu ninayoipenda na ni nadra mtu kuniuliza habari zake. Haya, tuyachukue moja baada ya jingine.

Shikamoo mwandishi. MTK ni kifupisho cha nini? Na ni kweli si klabu ya mpira peke yake? (Msomaji, Kigamboni)

Marahaba. Kirefu chake ni Magyar Testgyakorlók Köre, yaani, kwa tafsiri ya karibu, Chama cha Wafanya Mazoezi wa Hungary. Utaona jina lenyewe halitaji mpira. Chama kilianzishwa Budapest tarehe 16 Novemba 1888, na waanzilishi walikuwa wanachama waliojitoa katika klabu kongwe ya jimnastiki ya mji huo. Walianza na jimnastiki na mchezo wa vitara, kisha ikaja michezo mingine kama riadha, mieleka na kuogelea. Soka lilisubiri hadi mwaka 1901, na miaka mitatu baadaye likaleta ubingwa wa kwanza wa nchi. Rangi zao ni bluu na nyeupe.

Nimesoma kuwa walitwaa ubingwa mara kumi mfululizo. Hiyo ligi ilikuwa na timu ngapi, mbili? (Msomaji, Nakuru)

Ligi ilikuwa ngumu, ndugu yangu, na Ferencváros, klabu nyingine kubwa ya Budapest, walikuwemo humo humo. Ila ni kweli: MTK walitwaa msimu wa 1913/14, vita kuu ya kwanza ikasimamisha ligi rasmi, na iliporejea wakachukua kila ubingwa kuanzia 1917 hadi 1925. Ukihesabu unapata kumi.

Nyuma ya mataji hayo kuna watu wawili. Wa kwanza ni Alfréd Brüll, tajiri aliyekuwa rais wa klabu tangu 1905. Ndiye aliyesimamia ujenzi wa uwanja wao katika barabara ya Hungária, ukafunguliwa mwaka 1912 kwa mechi dhidi ya Ferencváros, na MTK wakashinda 1-0. Wa pili ni kocha Mwingereza, Jimmy Hogan. Vita ilipolipuka mwaka 1914 Hogan alikuwa Vienna, akakamatwa kama raia wa nchi adui. MTK wakafanya mpango akahamishiwa Budapest, akaambiwa afundishe mpira. Hebu fikiria: mateka wa vita, hana ruhusa ya kurudi kwao, na kazi anayopewa ni kuwafundisha vijana wa nchi iliyo vitani na nchi yake.

Akawafundisha kweli. Mpira ukae chini, pasi ziwe fupi, mchezaji autulize kwa mguso mmoja na awe ameshajua utakwenda wapi. Siku ambazo wengi waliona mazoezi ya mchezaji ni kukimbia tu, Hogan alitaka kila mtu awe na mpira mguuni. Husimuliwa kwamba aliwaona György Orth na József Braun, vijana wadogo, wakicheza bustanini, akawachukua hapo hapo. Orth akawa mchezaji anayeweza kupangwa karibu popote uwanjani, mpaka goti lake lilipoumia vibaya mwaka 1925. Pamoja nao walikuwepo Alfréd Schaffer, ndugu wawili Kálmán na Jenő Konrád, na Imre Schlosser, mfungaji hatari waliyemchukua kwa Ferencváros wakati wa vita. Kwangu mimi hiyo ndiyo timu bora kabisa ya klabu barani Ulaya kwa miaka ile.

Mwaka 1953, baada ya zile 6-3, kocha wa Hungary Gusztáv Sebes alisema wazi kwamba walicheza kama Hogan alivyowafundisha. Mzee mwenyewe alikuwemo uwanjani Wembley siku hiyo, amewapeleka vijana wa Aston Villa wakajionee.

Kwa hiyo watani wao wa jadi ni Ferencváros? (Msomaji, Mombasa)

Ndiyo. Wahungary huiita mechi hiyo Örökrangadó, yaani pambano la milele, na imechezwa tangu 1903. Ferencváros wa kijani na nyeupe walikuwa na mashabiki wengi wa mitaa ya wafanyakazi. MTK walionekana kuwa klabu ya watu wa kati wa mjini, na wengi wa hao walikuwa Wayahudi. Kwa hiyo utani wao haukubaki kuwa wa mpira tu. MTK walitukanwa kwa dini na asili ya watu wao kwa miaka mingi, na matusi hayo yamesikika viwanjani hata katika miaka ya karibuni. Huo siwezi kuuita utani.

Kaka, nimechanganyikiwa. Kwenye orodha za mabingwa naona Hungária, Bástya, Vörös Lobogó, na wewe unasema zote ni MTK. Mbona majina mengi hivyo? (Msomaji, Dodoma)

Swali hili ndilo nililolingojea, dada yangu, nivumilie nilijibu kwa urefu.

Jina la Hungária lilikuja kwa hiari. Mwaka 1926 Hungary iliruhusu soka la kulipwa, na timu ya MTK ya wachezaji wa kulipwa ikajiita Hungária. Kwa jina hilo wakawa mabingwa mwaka 1929, 1936 na 1937.

Kisha mambo yakageuka. Kuanzia 1938 serikali ya Hungary ilipitisha sheria za kuwabana Wayahudi, na klabu iliyojulikana nchi nzima kuwa na Wayahudi wengi haikuwa na pa kupumulia. Mwaka 1940 timu ya soka ikavunjwa. Brüll, rais wa miaka 35, alichukuliwa akauawa katika kambi ya mauaji ya Wanazi ya Auschwitz mwaka 1944. József Braun, yule kijana wa bustanini, alikuwa amekwishafariki mwaka 1943 akiwa katika kikosi cha kazi za kulazimishwa. Nimetazama mara nyingi picha za kikosi cha miaka ya ishirini, watu wamepanga mstari na jezi zao, na kila mara jicho langu linarudi kwa Braun.

Klabu ilifufuka mwaka 1945 kwa jina lake la asili. Haikupita miaka mingi, wakomunisti wakashika nchi na kugawa klabu kwa taasisi za dola na vyama vya wafanyakazi. Honvéd wakawekwa chini ya jeshi. Ferencváros wakawekwa chini ya wafanyakazi wa viwanda vya vyakula. MTK wakawekwa chini ya wafanyakazi wa viwanda vya nguo, ndiyo maana kwa muda waliitwa Textiles. Mwaka 1951 wakawa Bástya, yaani Ngome, chini ya ÁVH, polisi wa siri walioogopwa kuliko chombo chochote nchini. Mwaka 1953 wakawa Vörös Lobogó, Bendera Nyekundu. Yalipotokea mapinduzi ya 1956 jina la MTK likarudi.

Naomba tulielewe hili vizuri. Klabu ambayo watu wake waliangamizwa na utawala mmoja, miaka michache baadaye ilikabidhiwa polisi wa siri wa utawala mwingine, na mashabiki hawakuulizwa. Anayewashutumu MTK kwamba walikuwa timu ya polisi anawaonea. Hizo zama zilikuwa fupi, na kila klabu kubwa nchini ilipewa mwenyewe kwa amri.

Unamsifu Hidegkuti, lakini babu yangu alikuwa akimtaja Puskás tu. Huyu alifanya nini cha ajabu? (Msomaji, Bujumbura)

Babu hakukosea, Puskás alikuwa Puskás. Na katika kumi na moja wa Wembley, saba walikuwa wa Honvéd. Klabu yetu ilitoa watatu, Hidegkuti, Mihály Lantos na József Zakariás. Lakini mbinu iliyowavuruga Waingereza ilipikwa MTK.

Kocha wa klabu, Márton Bukovi, alimtoa mshambuliaji wake wa kati pale mbele alipozoeleka, akamrudisha nyuma karibu na viungo. Beki wa kati wa timu pinzani anabaki njia panda. Akimfuata, anaacha uwazi nyuma yake ambao washambuliaji wengine, Puskás na Kocsis, wanauingia. Akibaki, mtu huyo anapokea mpira bila bugudha, anageuka, anagawa pasi au anapiga. Wa kwanza kucheza hivyo kwa mafanikio pale klabuni alikuwa Péter Palotás. Timu ya taifa nayo ikamtumia hivyo hivyo mpaka Septemba 1952 mjini Bern. Hungary walikuwa nyuma 2-0 mbele ya Uswisi, Hidegkuti akaingia badala ya Palotás, na mchezo ukaisha Hungary wameshinda 4-2. Tangu hapo nafasi ikawa yake. Wembley alivaa namba 9 mgongoni na akafunga kabla dakika ya kwanza haijatimia. Beki wa kati wa England, Harry Johnston, alimaliza mechi hajui bado amkabe nani. Leo tunamwita mchezaji wa namna hiyo namba tisa wa uongo, tukidhani ni jambo la juzi.

Palotás naye tusimsahau. Tarehe 7 Septemba 1955, katika msimu wa kwanza kabisa wa Kombe la Ulaya, Vörös Lobogó waliifunga Anderlecht 6-3 na yeye akapachika matatu. Hiyo ndiyo hat-triki ya kwanza katika historia ya mashindano tunayoyaita leo Ligi ya Mabingwa.

Je, MTK wamewahi kutwaa kombe la Ulaya? (Msomaji, Muscat)

Hapana, na walilolikaribia zaidi liliponyoka kwa kona. Mwaka 1964, nusu fainali ya Kombe la Washindi, walifungwa 3-0 na Celtic kule Glasgow, wakageuza kwa 4-0 Budapest. Fainali dhidi ya Sporting ya Lisbon ikaisha 3-3 mjini Brussels. Siku mbili baadaye ikarudiwa Antwerp, na Morais akapiga kona iliyoingia wavuni moja kwa moja. Sporting 1, MTK 0.

Kuna uhusiano wowote na soka la Afrika? (Msomaji, Arusha)

Upo, tena mkubwa! Kombe la Mataifa ya Afrika la 1959 lilichukuliwa na Misri chini ya kocha Pál Titkos, winga wa zamani wa Hungária aliyefunga bao katika fainali ya Kombe la Dunia ya 1938. Hidegkuti naye alikwenda Cairo mwaka 1973 kuifundisha Al Ahly, akakaa hadi 1980 na kuwapa mataji matano ya ligi. Mahmoud El Khatib, ambaye wengi mnamfahamu kama rais wa Al Ahly, alikua kisoka mikononi mwake. Kwa hiyo mnapoiona Al Ahly ikija Dar es Salaam na kutulia na mpira kana kwamba wako nyumbani, kumbukeni mwalimu wao mmoja alitoka wapi.

Tena yuko Béla Guttmann, bingwa na MTK mwanzoni mwa miaka ya ishirini. Yeye ndiye aliyekuwa kocha wa Benfica wakati Eusébio alipoletwa kutoka Msumbiji, na pamoja wakatwaa Kombe la Ulaya la 1962.

Na leo wako wapi? Siwaoni. (Msomaji, Lubumbashi)

Wapo. Wana ubingwa mara 23, wa mwisho ukiwa wa 2008, na tangu hapo wameshuka daraja na kupanda zaidi ya mara moja. Mara ya mwisho kurudi ligi kuu ilikuwa 2023. Wanalea vijana vizuri: kipa Péter Gulácsi alitoka kwao kwenda Liverpool kabla ya kupata jina huko Leipzig. Uwanja wa zamani ulibomolewa, na mwaka 2016 wakafungua mpya mahali pale pale, mdogo, wa watu elfu tano na kitu. Waliowaalika kwa mechi ya ufunguzi ni Sporting ya Lisbon. Wakatoka sare 2-2. Juu ya lango limeandikwa jina la Nándor Hidegkuti.