Je, wavu unatosha kuwalinda watoto chomboni?

SWALI: Mashua yetu ya tanga ya mita 11 imetia nanga katika hori ya Kilifi. Tunahamia humo na watoto wa miaka 3 na 7. Wavu wa kuzungushia ukingo wa sitaha utatosha?

JIBU: Hautoshi peke yake. Jua la pwani hula nailoni, kwa hiyo kila mwezi uvute uzi kwa nguvu. Ukikatika au ukitoa unga, badilisha wavu wote.

Tegemeo ni jaketi okozi lenye mkanda unaopita katikati ya miguu. Bila mkanda huo, mtoto akitumbukia jaketi hupanda usoni naye huchoropoka. Mvalishe, kisha mnyanyue kwa mabega ya jaketi: likifika masikioni, halimfai. Chagua kwa uzito wake, si umri.

Mkisafiri, tandazeni mkanda imara katikati ya sitaha, kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma), mumfunge mtoto kwenye mkanda huo kwa kamba fupi isiyofika ukingoni. Kamba ndefu ni hatari kweli: mtoto huning'inia nje na kuburutwa majini. Wa miaka 7 ajifunge kabla hajatoka chumbani. Ngazi nayo iweze kushushwa na aliye majini.