Hifadhidata ya kimahusiano au isiyo ya kimahusiano: anza na maswali utakayoiuliza data

Ndugu, umeeleza kwamba wewe na wenzako wawili mnajenga mfumo wa kukodisha vifaa, kuanzia kamera hadi jenereta, na kwamba mnatarajia maombi 50,000 kwa siku. Mwenzenu mmoja anasisitiza mtumie hifadhidata ya nyaraka, ambayo si ya kimahusiano na huweka kila rekodi kama waraka unaojitegemea wenye sehemu zake, kwa sababu mbili: kila aina ya kifaa ina sifa zake, na hifadhidata ya kimahusiano, yaani ya majedwali, italemewa. Nimefanya kazi na aina zote mbili kwa miaka kadhaa, na kuna wakati nilichagua vibaya kwa sababu zilezile anazozitoa mwenzenu, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu.

Suala la kulemewa halihitaji maneno mengi. Siku ina sekunde 86,400. Maombi 50,000 yakitawanywa humo hayafiki hata ombi moja kwa sekunde, na hata yote yangeingia ndani ya saa moja yangekuwa kama 14 kwa sekunde. Hifadhidata ya kimahusiano kama PostgreSQL au MySQL kwenye seva moja ya kawaida, faharasa (orodha za kuharakisha utafutaji) zikiwa zimewekwa panapostahili, inaimudu kazi hiyo bila taabu. Hifadhidata zisizo za kimahusiano kama Bigtable, ambayo Google waliieleza mwaka 2006, na Dynamo, ambayo Amazon waliieleza mwaka uliofuata, zilizaliwa kwa sababu data ilikuwa imezidi uwezo wa mashine moja. Ninyi hamjafika huko, na ni vyema mfanye hesabu hiyo mapema kabla hofu haijawachagulia.

Sasa nieleze kosa langu. Tulijenga mfumo wa kusajili washiriki wa mafunzo, tukatumia hifadhidata ya nyaraka. Kila usajili ulikuwa waraka mmoja wenye jina la mshiriki, simu yake, jina la darasa na jina la mkufunzi. Miezi ya kwanza ilikuwa ya raha kwelikweli, kwa kuwa tulipohitaji taarifa mpya tuliiongeza tu na kuendelea. Kisha mkufunzi mmoja akabadilisha jina, ikabidi tulirekebishe kwenye kila waraka wa usajili uliomtaja. Tukaruka baadhi, na ripoti zikaanza kumhesabu kama watu wawili. Nilipozifungua nyaraka zenyewe nilikuta namba ya simu imehifadhiwa kwa namna tatu. Mahali pengine iliitwa «simu» na ilikuwa tarakimu tupu, sifuri ya mwanzo ikiwa imepotea. Pengine iliitwa «simu» lakini ilikuwa maandishi. Na pengine iliitwa «namba_ya_simu», kwa sababu aliyetengeneza toleo la pili la fomu hakujua jina lililotumika kwanza. Tuliamini hatuna skima, yaani mpangilio rasmi wa data, kumbe ilikuwepo muda wote, imetawanyika ndani ya msimbo wetu, na kila kipande cha msimbo kilikuwa na ya kwake.

Lililotuumiza zaidi ni nafasi. Darasa moja lilikuwa na nafasi 40, na usiku wa kuamkia kufungwa kwa usajili watu wawili walibonyeza kitufe kwa wakati mmoja. Programu ilisoma idadi mara mbili, mara zote ikapata 39, ikawaandikisha wote wawili, na wote wakalipa. Ni mimi niliyempigia simu yule wa 41 kumweleza kwamba hana nafasi, na sijasahau jinsi alivyonyamaza.

Lazima niseme haki: kosa hilo lilikuwa letu. Hifadhidata nyingi za nyaraka zinahakikisha kwamba badiliko ndani ya waraka mmoja linafanyika lote au halifanyiki kabisa, na laiti tungeweka hesabu ya nafasi ndani ya waraka wa darasa na kuibadilisha kwa sharti kwamba iwe chini ya 40, tungenusurika. Ila usajili, darasa na malipo zilikuwa nyaraka tatu tofauti. MongoDB, kwa mfano, iliongeza miamala ya nyaraka nyingi, yaani mabadiliko ya nyaraka kadhaa yanayofanyika yote au yasifanyike kabisa, katika toleo la 4.0 mwaka 2018, kwa hiyo leo njia ipo kwa anayeitumia. Wala hifadhidata ya kimahusiano haimwokoi mzembe: PostgreSQL ikiachwa na mipangilio yake ya kawaida, msimbo unaosoma idadi kisha ukaandika bila kufunga mstari husika ili ombi jingine lisiubadilishe utaanguka vilevile.

Faida ya hifadhidata ya kimahusiano ninayoithamini mimi ni kwamba kanuni isiyotakiwa kuvunjwa unaweza kuiandika ndani ya hifadhidata yenyewe, ikalindwa hata pale msimbo wako unapokosea. Katika mfumo wenu kanuni hiyo ni kwamba kifaa kimoja kisikodishwe kwa watu wawili kwa vipindi vinavyoingiliana. Tangu toleo la 9.2 la mwaka 2012, PostgreSQL ina aina ya data ya kipindi, yenye mwanzo na mwisho, na unaweza kuweka sharti la utengano linalosema: kwa kifaa kilekile, vipindi visigongane. Mteja wa pili akijaribu kukodisha kamera ileile kuanzia Jumatano ilhali mteja wa kwanza anairudisha Ijumaa, hifadhidata inakataa kuandika mstari huo, hata maombi mawili yakifika katika sekunde moja. Kwa mfumo wa kukodisha vifaa, hili peke yake lingetosha kunishawishi.

Hoja ya sifa tofauti ina uzito, maana kamera ina lenzi na jenereta ina kilowati, na jedwali lenye safu 80 ambazo nyingi ni tupu ni mateso. Hata hivyo dawa yake ipo humohumo ndani ya PostgreSQL. Weka safu za kawaida kwa mambo ambayo kila kifaa kinayo, yaani namba, aina, bei na hali yake, kisha ongeza safu moja ya JSONB, aina ya data inayobeba sifa zozote pamoja na majina yake, iliyokuja na toleo la 9.4 mwaka 2014, kwa sifa za ziada. Safu hiyo inaweza kuwekewa faharasa na kutafutwa ndani yake. Sifa ikishaanza kutumika katika malipo au ripoti, itoe humo uipe safu yake.

Nisikufanye udhani kwamba naziona hifadhidata nyingine hazifai. Katika kazi nyingine tulikuwa na vihisi 3,000, kila kimoja kikituma kipimo kila sekunde, yaani vipimo zaidi ya milioni 259 kwa siku, na kupotea kwa kimoja hakukumdhuru mtu. Swali lilikuwa moja tu: nipe vipimo vya kihisi hiki kati ya saa hii na ile. Tulitumia Cassandra, hifadhidata isiyo ya kimahusiano inayotawanya data kwenye mashine nyingi, tukagawa data kwa kihisi na siku, na ilifanya kazi vizuri sana. Baadaye likaja swali la pili: ni vihisi vipi vilivyovuka kiwango jana? Mpangilio wetu haukuweza kulijibu bila kupekua kila kitu, kwa hiyo tukaunda jedwali la pili na kuandika data ileile mara mbili. Gharama hiyo inabebeka ukiwa na maswali mawili. Wenye biashara ya kukodisha watawaletea swali jipya kila wiki, na kujibu maswali yasiyotarajiwa ndipo mfumo wa kimahusiano aliouasisi Edgar Codd wa IBM mwaka 1970 unapong'ara, kwa sababu unaunganisha majedwali kwa namna ambayo hukuipanga tangu mwanzo.

Kwa hiyo anzeni na PostgreSQL. Siku orodha ya vifaa itakapokuwa inasomwa mno, wekeni Redis, hifadhidata inayoweka data kwenye kumbukumbu ya mashine, mbele yake kama kache (nakala ya muda ya kusomwa haraka), mkihakikisha kila kilichomo kinaweza kufutwa na kujengwa upya kutoka kwenye majedwali. Kuhusu kama kifaa kipo wazi kwa tarehe fulani, kache inaweza kumwonyesha anayevinjari, lakini anapothibitisha, jibu litoke kwenye jedwali la ukodishaji lenye lile sharti.