Mteja Akipata Usafiri, Mpe Sababu ya Kusimama

Tangu lami ifike kwetu, mtu anayetaka mabati au godoro anapanda basi asubuhi na jioni anarudi na mzigo wake kwenye keria. Wenye maduka wengi niliowaona walijibu kwa kushusha bei mpaka faida ikaisha. Mimi nina duka la bidhaa mchanganyiko kandokando ya barabara hiyo hiyo, na msaada mkubwa niliupata kwa kusoma habari za miji midogo ya Marekani wakati magari yanaanza kuenea. Wale watu walipita tunapopita sisi leo, na mwisho wao unajulikana.

Kabla ya gari, mkulima wa kule alikuja mjini na farasi na mkokoteni. Farasi anachoka, kwa hiyo mji wa karibu ndio uliokuwa soko lake, na mwenye duka hakuwa na haja ya kumbembeleza. Mwaka 1908 kampuni ya Ford ikatoa gari lake la Model T kwa dola 850. Kufikia 1925 ile ya bei ya chini kabisa ilikuwa chini ya dola 300, na mkulima akaweza kuipita miji miwili kwenda wa tatu. Katikati ya hapo, Januari 1913, posta ilianza kupeleka vifurushi vikubwa hadi vijijini, na makampuni ya Sears na Montgomery Ward yaliyouza kwa katalogi, yaani kitabu cha bidhaa ambacho mteja huagizia kwa posta, kutoka Chicago yakanufaika sana. Wauza duka wa miji midogo walikuwa wameupinga mpango huo kwa nguvu zao zote, ukapita. Kwa hiyo usipoteze muda kuilaumu barabara.

Waliofanikiwa walijiuliza huyu mtu mwenye gari anasumbuliwa na nini njiani. Petroli ya mwanzo iliuzwa kwenye maduka ya vifaa, maduka ya dawa, hata penye mazizi ya farasi, ikimiminwa kwa makopo. Desemba 1913 kampuni ya Gulf ikafungua kituo mjini Pittsburgh kilichojengwa makusudi kwa ajili ya dereva: anaingia na gari lake, anajaziwa mafuta, upepo na maji anapata bure. Muda si mrefu wakaanza kugawa ramani za barabara, nazo bure. Ile ramani ndiyo iliyonifikirisha zaidi. Anayeijua njia hukubali kwenda mbali, na anayekwenda mbali huchoma mafuta mengi. Walitoa kitu cha gharama ndogo kilichogusa shida halisi ya msafiri, na kitu hicho kikamrudisha kwao.

Kwangu niliweka pampu ya upepo, benchi chini ya kivuli na mtungi wa maji safi ya kunywa. Sitozi. Vijana wa bodaboda wanajaza upepo, wanakaa kidogo, kisha mmoja anakumbuka vocha, mwingine anataka soda, wa tatu waya wa breki umekatika. Abiria aliyepakiwa naye hushuka akatazama rafu. Kama unaweza kufanya jambo moja tu katika haya ninayoandika, fanya hilo, na hakikisha pampu haikai mbovu hata siku moja, maana aliyesimama akakuta imeharibika hatasimama tena.

Jambo la pili ni bei kuandikwa. Mwaka 1916 Clarence Saunders alifungua Piggly Wiggly mjini Memphis, duka la vyakula ambamo mteja alichukua bidhaa mwenyewe kwenye rafu na bei ya kila kitu ilionekana. Zamani zile karani ndiye aliyekuchukulia vitu nyuma ya kaunta, kama ilivyo kwenye maduka yetu mengi hadi leo. Sijaondoa kaunta, nafasi yangu hairuhusu, ila kila kitu nimekibandika bei. Mgeni wa safari huogopa kupandishiwa kwa sababu lafudhi yake si ya hapa. Akiiona bei ileile anayolipa mwenyeji, hofu inamtoka.

Sasa mikopo. Hapa nina msimamo mkali. General Motors walianzisha kampuni yao ya kukopesha wanunuzi mwaka 1919: chukua gari leo, lipa kidogo kidogo. Henry Ford, mwenye kampuni ya Ford, hakupenda madeni, na mwaka 1923 akaja na mpango wa kudunduliza. Mteja alimletea muuza magari dola 5 kila wiki, fedha zikawekwa kwenye benki ya mji huo na kuzaa riba, na zikitimia bei, gari anapewa. Watu walichagua kuendesha kwanza, na mwaka 1928 Ford naye akaanzisha kampuni ya mikopo. Lakini Ford alikuwa na viwanda. Mimi na wewe tuna daftari la madeni, na mteja mwenye deni kubwa hubadili njia asipite mbele ya duka. Ndiyo maana nafuata ule mpango ulioshindwa kule: mzazi anadunduliza sare za shule kwangu tangu katikati ya mwaka, kila anacholeta nampa risiti, na fedha hizo zinakaa kwenye akaunti ya peke yake. Usizichanganye na mauzo ya siku, hata ukibanwa na mzigo wa jumla.

Mabenki ya miji ile nayo yaliwabembeleza wateja kwa njia za namna hiyo. Mwaka 1909 benki moja ya Carlisle, Pennsylvania, ilianzisha akiba ya Krismasi: unaweka kidogo kila wiki, unachukua chote Desemba. Wanachama wa vikoba wanaoijua siku ya kugawana wataelewa kwa nini uliigwa nchi nzima. Benki nyingi pia zilijenga majengo ya mawe yenye nguzo kubwa, mteja aone kwamba fedha yake iko salama. Bei za mazao zilipoanguka baada ya Vita Kuu ya Kwanza, benki za mashambani zilifungwa kwa maelfu katika miaka ya 1920, na nguzo hazikurudisha amana ya mtu. Bima ya amana ya serikali kuu, yaani kinga ya kumlipa mwenye fedha benki ikifungwa, ilikuja kwa sheria ya 1933.

Basi afisa wa benki akija dukani kwako na kalamu na kalenda za bure, mkaribishe, kisha muulize kama taasisi yake iko chini ya Bodi ya Bima ya Amana na kinga inaishia kiasi gani. Muulize makato ya kila mwezi, na riba ya mkopo akuonyeshe kwa shilingi utakazorudisha jumla. Wakopeshaji wa kausha damu hulikwepa swali hili la mwisho. Anayelijibu kwa maandishi, mpe kiti mzungumze.