Makengeza ya Josephine

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: ni msanii gani aliyehamia mji usio wake, ukaishia kuwa wake kweli? Sikuwaza mara mbili. Ni Josephine Baker, mcheza dansi na mwimbaji Mweusi wa Marekani, na mji ni Paris.

Wengi wakimtaja huishia kwenye ile sketi ya ndizi aliyoivaa akicheza jukwaani Paris. Mimi naanzia machoni. Kabla hajavuka bahari alikuwa mcheza dansi wa safu katika maonyesho ya Weusi huko Marekani, tena yule wa mwisho safuni, ambaye kazi yake ni kuchekesha. Wenzake wakienda sawia, yeye anajifanya kasahau hatua: magoti yanagongana, miguu inapinda, macho yanaingia makengeza. Kisha mwishoni anazicheza hatua zilezile vizuri kuliko wote. Hata alipokuja kuvaa lulu na manyoya, makengeza hayo hakuyaacha. Yamo katika picha zake nyingi.

Alizaliwa St. Louis mwaka 1906, katika ufukara. Alikuwa na miaka 11 wakati Weusi walipouawa na nyumba zao kuchomwa moto ng'ambo ya mto, East St. Louis. Ndiyo maana naelewa kwa nini Paris ilimkaa moyoni. Tarehe 2 Oktoba 1925, akiwa na miaka 19, alipanda jukwaani Théâtre des Champs-Élysées, na jiji zima likaanza kumzungumzia. Mwaka 1934 alikuwa tayari mhusika mkuu wa filamu, jambo ambalo kwao Marekani mwanamke Mweusi alilipata kwa nadra sana.

Sisemi Paris ilikuwa na moyo safi. Ndizi zile zilikuwa ndoto ya wakoloni juu ya Afrika, bara ambalo binti huyu alikuwa hajalikanyaga. Huniuma kila nikiiona picha ile. Lakini tazama alivyofanya: katikati ya ngoma anakengeza macho, na yule aliyekuja kumwangalia kama kiumbe wa porini anajikuta anacheka pale tu Josephine anapotaka acheke. Kwangu huo ndio usanii wake mkubwa, kuliko hata sauti yake.

Mwaka 1936 alirudi kujaribu New York, wakosoaji wakamponda. Mwaka uliofuata akawa raia wa Ufaransa. Katika Vita vya Pili vya Dunia aliingia katika harakati za siri dhidi ya Wajerumani walioiteka Paris. Taarifa za kijasusi ziliandikwa kwa wino usioonekana kwenye karatasi zake za muziki, naye akavuka nazo mipaka kama msanii aliye safarini. Angekamatwa, angeuawa. Alilipenda jiji lile kwa shingo yake, si kwa nyimbo tu.

Uzeeni alifilisika, akatolewa kwenye kasri lake la Milandes. Aprili 8, 1975, akiwa na miaka 68, alirudi jukwaani Paris kuadhimisha miaka 50 ya kazi yake hapo. Siku nne baadaye alifariki, katika jiji hilohilo.

Novemba 30, 2021, Ufaransa ilimwingiza Panthéon, jengo la Paris la kuwaenzi mashujaa wa taifa, mwanamke Mweusi wa kwanza kupewa heshima hiyo. Mwili wenyewe ulibaki kaburini Monaco. Jeneza lililopandishwa ngazi zile lilibeba udongo wa sehemu nne: St. Louis, Milandes, Monaco na Paris.